Siku 98 za Kungoja

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimenuna kidogo. Unasema umetazama vile vipindi viwili vya Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya runinga ya safari za anga za juu, "The Best of Both Worlds", vyote usiku mmoja, na hukuona cha kusifia. Nahodha katekwa, kaokolewa, basi!

Baina ya cha kwanza na cha pili wewe ulipata muda wa kwenda msalani tu. Watazamaji wa Marekani walikaa roho juu siku 98. Cha kwanza kilirushwa Juni 18, 1990, kikafunga msimu wa tatu. Cha pili kikaja Septemba 24. Nahodha Picard, yule mstaarabu mwenye sauti ya Patrick Stewart, anatokea amebandikwa vyuma usoni, anasema yeye sasa ni Locutus wa Borg, wale maadui nusu viumbe nusu mashine. Riker, msaidizi wake, anamwamuru Worf, ofisa wa meli yao, aifyatulie silaha meli ya Borg. Muziki unapanda, yanakuja maneno ya "itaendelea", halafu kimya majira yote ya joto.

Katika kimya hicho tetesi zilizagaa kwamba Stewart anaondoka. Na hazikuwa za kipuuzi. Hebu kirudie kipindi chenyewe: Riker anasukumwa akubali unahodha, na Shelby, ofisa mgeni, ameletwa, hodari, anakitamani cheo cha usaidizi waziwazi. Warithi wote wawili wapo tayari! Mtazamaji makini alikuwa na kila sababu ya kumlilia Picard. Mwandishi wa kipindi, Michael Piller, alipoandika sehemu ya kwanza hata yeye hakujua itamalizikaje. Ndiyo maana hofu ile haina harufu ya ujanja.

Mimi mwenyewe nilivitazama kwa kanda za kuazima, na ya pili ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Wiki mbili nzima nilimchukia mtu huyo.

Kuhusu mwisho, hapo nakuunga mkono. Meli 39 zimeteketezwa na Borg katika vita vya Wolf 359, kisha adui huyo anashindwa kwa kuamriwa alale! Wapo mashabiki wanaolilalamikia jambo hilo hadi leo, nami nimo.

Lakini umenikera uliposema umekiruka kilichofuata, "Family", eti hakina vita. Ni kweli hakina. Picard anarudi kwa kaka yake Ufaransa, wanapigana kwenye matope ya shamba la mizabibu, wanacheka, kisha analia. Wakati ule ilikuwa kawaida wiki moja mtu aponee chupuchupu, wiki ya pili asionekane hata na kovu. Hapa waliliacha jeraha wazi, likaonekana. Kitazame kabla hujaniandikia tena.

Nimekutafutia tamthilia nyingine, yenye mwisho wa msimu mbaya kuliko huu. Nitakupa kipindi cha kwanza tu. Cha pili nimekifungia kabatini, utakipata baada ya miezi mitatu, na ukinipigia simu usiku wa manane sipokei.

Ni mimi rafiki yako