Binti wa Barovier mmemwacha wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Nimesoma makala yenu kuhusu mafundi vioo wa Murano, kile kisiwa kilicho jirani na Venice huko Italia, nikairudia mara mbili sindano ikiwa mkononi. Mmeeleza vizuri jinsi matanuru yalivyoamriwa kuhamia kisiwani mwaka 1291 kwa hofu ya moto mjini, na jinsi Angelo Barovier, katikati ya karne ya 15, alivyosafisha majivu ya mimea mpaka akapata kioo kisicho na wingu, kile walichokiita cristallo. Mkaishia hapo. Angelo alifariki mwaka 1460, ila karakana haikufa naye. Aliacha binti, Marietta.

Mwaka 1487 Agostino Barbarigo, mtawala wa Venice, alimruhusu Marietta awe na tanuru lake dogo. Mwanamke, zama zile! Tena watu wa Murano humhesabia yeye ushanga wa rosetta, ule wenye nyota za rangi ndani, nami ninayeshona shanga mwaka wa 31 sasa sikuliona jina lake hata mstari mmoja.

Kazi yenyewe si ya kitoto. Fundi huchota kioo cha moto kwenye ncha ya chuma, akakipuliza kidogo kipate uwazi ndani, akakiingiza kwenye kalibu yenye umbo la nyota. Hukivika rangi nyingine, kikarudi kalibuni; nyeupe, buluu, nyekundu, mara nyingi tabaka saba. Kisha mwenzake hukinasa upande wa pili kwa chuma chake, wakaachana mbio, kioo kikivutika kama ulimbo hadi kuwa ufito mrefu wenye tundu lililonyooka. Ukipoa hukatwa vipande, ncha zikasagwa, na hapo ndipo nyota hujitokeza. Zile za mwanzo zina pembe 12. Halafu mteja anasimama mbele ya meza yangu, anasikia bei, anasema, "Mama, si shanga tu hizi?"

Shanga tu! Za Venice zilishushwa Unguja kwa majahazi na meli, zikapanda bara na misafara. Burton, msafiri Mwingereza aliyepita huko miaka ya 1850, aliandika kwamba ule mwekundu wa samesame ulikuwa na jina la utani lenye maana ya mvunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoupenda. Bibi yangu aliniachia mmoja, mwekundu nje, mweupe ndani. Nauweka kwenye kopo la kahawa pamoja na vifungo.

Basi naomba Marietta aandikwe, hata kwenye kona ya masahihisho. Na mwandishi wenu akifika Tanga apite Ngamiani, nitamwonyesha ule wa bibi. Ila asiniulize bei yake.

Mshona shanga,
Ngamiani, Tanga