Harambee ya Tamasha la Ndege Wahamao na Mayai ya Bata: Uzio Kwanza, Jukwaa Baadaye

Ndugu wakazi, wazazi, wafugaji na marafiki,

Tamasha letu litafanyika Jumamosi ya pili ya Oktoba, ambayo ni mojawapo ya tarehe mbili za Siku ya Ndege Wahamao Duniani. Nyingine ni Jumamosi ya pili ya Mei. Kamati inaomba fedha, vifaa na nguvu kazi. Ni haki ya kila mchangiaji kujua anachangia nini, kwa hiyo tunaeleza kazi yenyewe ilivyo.

Fungu kubwa litaingia kwenye uzio wa bata. Bata wa porini huweza kubeba virusi vya mafua ya ndege bila dalili yoyote, na bata wa kufugwa vilevile, kisha kuku wa jirani ndio wanaokufa kwa wingi. Virusi hutoka na kinyesi, na kwenye maji baridi hudumu kwa wiki nyingi. Mgeni anayetoka ukingoni mwa bwawa na kuingia bandani na viatu vilevile anaweza kuubeba ugonjwa huo. Tamasha linalosifu ndege wa porini na bata wa kufugwa haliwezi kuwachanganya.

Uwanja wa bata ni mita 30 kwa 30. Nguzo zitasimama kila baada ya mita 2, jumla 60, pamoja na 8 za kuegemeza pembe nne, maana pembe isiyoegemezwa huinama mara tu waya unapovutwa. Tunahitaji mabunda 5 ya wavu wa waya ya mita 30: manne yanazunguka, la tano ni la lango na viungo. Sentimita 30 za chini zifukiwe ardhini, la sivyo nguchiro atachimba.

Wavu wa pembeni haumzuii ndege anayeruka. Kinachomvuta ni chakula, hivyo chakula na maji vitawekwa chini ya paa la mabati. Vyombo vya maji viwe na kina cha sentimita 10 au zaidi, ili bata azamishe kichwa asafishe pua na macho, na vifunikwe kwa vyuma vyenye nafasi ya kupitisha shingo tu. Chini yake tutachimba shimo la kokoto. Bata humwaga maji ovyo, na matandiko yakilowa, mayai huchafuka na chakula huota ukungu. Bata huumizwa na sumu ya ukungu haraka kuliko kuku, kwa hiyo shimo hili si la kukatwa kwenye bajeti.

Banda la kulala ni mita 4 kwa 6 kwa bata 60, na viota 15 vya sakafuni, kimoja kwa bata wanne. Wengi hutaga kati ya usiku wa manane na saa 3 asubuhi. Ukiwafungulia alfajiri, mayai utayaokota topeni, ukiyapata. Hili limetupa ratiba nzuri: saa 12 hadi saa 3 wageni watatazama ndege wa porini, na bata watafunguliwa baadaye. Wageni watawaona kutoka nje ya uzio. Hakuna atakayeingia, hata mgeni rasmi.

Upande wa bwawa tutajenga kibanda cha kutazamia, mita 6 kwa 2. Kitakaa mashariki mwa maji kikitazama magharibi, ili jua la asubuhi liwe mgongoni. Tundu za kuchungulia zitakuwa sentimita 120 kutoka sakafuni kwa walioketi na 90 kwa watoto. Mlango wa nyuma unahitaji pazia zito: ukiachwa wazi, vivuli vya watu huonekana kupitia tundu na ndege huruka. Njia ya kuingilia nayo ifichwe kwa majamvi ya matete, vinginevyo bwawa litakuwa tupu kabla hujaketi. Mwaka 2022 ndege mmoja mchanga wa jamii ya sululu, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11. Ndege anayefika namna hiyo amekwisha mafuta mwilini. Kumfurusha kila baada ya dakika chache ni kumnyima chakula. Ndiyo maana hakutakuwa na vipaza sauti wala droni karibu na maji.

Darubini tunaomba 10 za 8x42, yaani za kukuza mara 8 zenye lenzi za mbele za milimita 42. Zile za kukuza mara 10 huvutia dukani lakini hutikisika mikononi mwa asiyezoea. Inahitajika pia darubini moja kubwa ya miguu mitatu.

Kwa mayai ya chumvi ya kuuzwa: kilo 1 ya chumvi kwa lita 4 za maji, ichemshwe na ipoe kabisa. Mayai yawe safi, yasiyo na ufa, na yakandamizwe kwa sahani yasielee, kwa wiki 3 hadi 4. Moja lenye ufa linaweza kuharibu mtungi mzima. Anayeosha mayai atumie maji yenye joto kupita yai. Maji baridi huvuta uchafu ndani kupitia vitundu vya ganda. Trei ziwe za matundu makubwa, kwani yai la bata hukaa juujuu kwenye trei ya kuku na kupasuka trei zinapopangwa.

Kwenye kila lango kutakuwa na beseni mbili: ya kwanza ya sabuni na brashi, ya pili ya dawa. Dawa ikikutana na tope hupoteza nguvu, hivyo atakayeruka beseni ya kwanza atarudishwa.

Ujenzi wa upande wa maji lazima uishe Agosti, kabla ndege watangulizi hawajafika. Michango ya nguzo, wavu na mabati ndiyo ya haraka. Fedha zikipungua, tutakata jukwaa, muziki na fulana, kwa mpangilio huo. Mafua ya ndege yakitangazwa karibu, bata watabaki ndani, mayai hayatauzwa, na fedha ambazo hazijatumika zitatunzwa kwa mwaka unaofuata.

Mweka hazina atatoa risiti kwa kila mchango, vifaa vikiwemo, na hesabu itabandikwa kila mwisho wa mwezi. Wenye nguvu kazi waje na majembe na koleo. Kuchimba mashimo ya nguzo kunaanza mara wavu wa kwanza ukipatikana.