Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kuja Mbeya katika baridi hii ya Juni.

Mwaka huu tulichagua mada ambayo wenzetu walisema ni ya chuo kikuu: protini zinazoongoza mawasiliano ndani ya seli T za kinga ya mwili. Kilichotuvuta ni neno moja, CD4. Huku kwetu hata bibi aliyeko Rungwe analijua. Ni kipimo cha kliniki. Kumbe CD4 ni protini iliyo juu ya seli T, na ndiyo ambayo virusi vya Ukimwi huishika ili viingie. Kazi yake yenyewe ni nyingine. Kwa upande wa ndani imeshika kimeng'enya (protini inayochochea kazi ndani ya seli) kiitwacho Lck, ambacho huiwasha seli inapomtambua adui.

Mgeni Rasmi, hapo mezani kuna kibanio cha nguo chenye mkia wa waya. Hicho ndicho Lck yetu. Haragwe lililo mkiani ni fosfeti, kijikemikali kinachobandikwa kwenye protini kuiwasha au kuizima. Protini nyingine, Csk, hulibandika haragwe hilo. Mkia unajikunja na kuziba mdomo wa kibanio, kimeng'enya kinalala. Protini ya tatu, CD45, hulibandua, mdomo unaachia. Hapo Lck huenda kubandika fosfeti kwenye mikia ya kipokezi cha seli, yaani protini inayomtambua adui, kisha kimeng'enya kingine, ZAP-70, hufika na kukaa juu yake, na ujumbe husafiri hadi kwenye kiini. (Kibanio cha kwanza kilimrukia mwalimu wetu usoni. Samahani, mwalimu.)

Ila kilichotukosesha usingizi ni breki, yaani protini zinazoizuia seli T isipitilize. Sisi tunaoujua mteremko wa Iwambi tunajua lori huogopwa likishuka. Mwaka 1995 ilionekana kwamba panya waliozaliwa bila protini ya CTLA-4 hufa wakiwa na wiki chache tu, seli T zao zikishambulia hadi moyo. Breki nyingine, PD-1, huita kimeng'enya SHP-2 kije kubandua fosfeti zilizokwisha kubandikwa. Saratani nayo ni janja: huikanyaga breki hiyo ili isiguswe. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua kwamba breki hizo zikiachiwa, seli T huivamia saratani. Wagonjwa wengine, hata hivyo, hushambuliwa ngozi na utumbo na kinga yao wenyewe.

Mgeni Rasmi, klabu ina hadubini mbili, na moja lenzi yake ina ukungu. Hatutakudanganya: hata tukipewa kumi, Lck haitaonekana. Lakini chembe nyeupe za damu zitaonekana, na kidato cha kwanza hawajawahi kuziona. Tunaomba hadubini mbili na slaidi za damu zilizokwisha kuandaliwa.

Tunaomba kuwasilisha.