Barua kutoka Kigamboni

Kigamboni, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salaam nyingi. Mama mpe shikamoo yake, mwambie sijamsahau. Najua umeninunia kwa huu ukimya, lakini madaftari ya kidato cha pili yamejaa mezani hadi chakula nakula kitandani.

Unauliza naishije. Cheka kwanza: nimekimbia foleni ya feri ya Likoni huko kwetu Mombasa, nikaja kupanga Kigamboni! Saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye pantoni, nimebanwa kati ya bodaboda na beseni la vitumbua, nangoja tufike Magogoni. Kwetu mtu wa miguu anavuka bure, huku ni shilingi 200. Za kwao lakini, usishtuke.

Nimeajiriwa kufundisha Kiingereza, ila kilichoniumbua ni Kiswahili. Wiki ya kwanza kuna kijana alikuwa ananong'ona nyuma, nikamwita kwa ukali, "Ndoo hapa!" Akatoka nje mbio. Nikajiambia, huyu adabu hana kabisa. Kidogo akarudi na ndoo ya kudekia, maji nusu, akauliza taratibu, "Niiweke wapi, madam?" Darasa zima chini kwa kicheko, na mimi nikashindwa kujizuia. Sasa natamka "njoo" kama mtangazaji wa redio. Dukani nasema mchele, ingawa nikiwa na njaa "mtele" inaponyoka. Na husemi "nipe sukari", unasema "naomba", hata kama pesa unayo mkononi.

Jumamosi ndiyo siku yangu. Naenda soko la samaki pale Feri na jirani yangu. Mnada siuwezi, dalali anataja bei kabla sijajua anauza nini, kwa hiyo yeye ananunua fungu la vibua halafu tunagawana. Kijana wa kupara anafanya kazi kwa fujo hadi magamba yananirukia kwenye buibui. Jioni napitia supu ya pweza: kikombe cha moto, ndimu, pilipili, vipande vyako unachoma kwa kijiti. Wateja karibu wote wanaume, na sababu wanayodai unaijua. Mimi nakunywa kwa kuwa ni tamu.

Sasa sikia kisa cha leso. Huku leso ni kitambaa cha kufutia jasho, yetu wanaiita kanga. Basi siku ya Simba na Yanga, wala sina habari, natoka uani nimejifunga ile nyekundu uliyonipa. Mama mwenye nyumba ni Yanga wa damu, kavaa kijani na njano tangu alfajiri. "Kumbe tunalala na Simba humu ndani!" Nikamwambia timu yangu ni Bandari ya Mombasa. Akasema hiyo ya huko, hapa anauliza ya hapa. Watu wanataniana hivi tangu 1936, mimi ningejitetea vipi? Siku mbili ananiitikia salamu kwa nusu mdomo, ya tatu akaniletea sahani ya pilau. Sasa ananiita Simba, na nimeanza kuitika.

Ukija Desemba, panda basi la kupitia Lunga Lunga. Niletee mahamri, huku asubuhi ni supu na chapati, nimechoka. Najua yatafika magumu. Mbaazi nitapika mwenyewe, nazi zipo tele.

Wako,
Madam Ndoo (ndivyo wanavyoniita, wanadhani sijui)