Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tumtazame Jike Kabla ya Rangi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wafugaji wa chatu,

Mahesabu atayasoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Ada zimelipwa, ingawa wapo waliokumbushwa mara tatu, na wanajijua.

Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililotutoa jasho mwaka mzima: chatu yupi apandishwe na yupi.

Nianze na kosa langu. Nilikuwa na jike wa chatu mpira, yule chatu mdogo anayejikunja kama mpira, ambaye kila mgeni alimwulizia kwa rangi yake ya dhahabu. Mizani ilisoma gramu 1,180. Mimi ndiye ninayewahubiria kila kikao kwamba jike asubiriwe hadi akaribie gramu 1,500, na umri wa miaka mitatu hivi. Tamaa ikanishinda, nikamwingizia dume. Alitaga mayai manne, la tano likakwama. Nililipapasa kwa kidole gumba, karibu na mkia, gumu kama jiwe. Daktari wa mifugo alilitoa na jike akapona, lakini alikaa miezi akikataa panya, ngozi imelegea na uti wa mgongo umechomoza. Msimu huu hapandishwi, hata mtu aje na dume wa namna gani. Dume hata akiwa na gramu 700 anafanya kazi yake. Mzigo wote anaubeba jike, ndiyo maana uchaguzi uanzie kwake.

Kisha kuna hesabu ya rangi, ambayo imezua ugomvi kuliko kitu kingine. Ualbino ni jeni inayojificha. Ukipandisha wabebaji wawili, yaani chatu wa rangi ya kawaida wenye jeni hiyo ndani, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa albino. Kila yai, jamani, si kila utago. Mwenzetu mmoja alipata mayai sita bila albino hata mmoja, akaja kikaoni akidai kauziwa dume wa uongo. Piga hesabu: mayai sita hukosa albino takriban mara 18 katika kila mia, na wazazi wote wawili ni wabebaji halali. Utago mmoja hauthibitishi lolote. Na wale watoto wa rangi ya kawaida, kwa wastani wawili kati ya watatu wana jeni hiyo, ila kwa macho humjui nani. Basi wauzwe kwa jina la "huenda anabeba". Anayefuta neno "huenda" ili apandishe bei anatuchafulia wote.

Kuhusu spaida, wale chatu mpira wenye mchoro kama utando wa buibui, kamati imeamua kwamba hawatapokewa tena kwenye maonyesho yetu. Najua wapo walionuna. Lakini jeni inayoleta ule mchoro wa kupendeza ndiyo hiyo hiyo inayovuruga usawa wa mwili: kichwa hutetemeka, na wengine hujipindua chali wakimkosa panya aliye mbele ya pua zao. Huwezi kuchuja rangi ukaacha ugonjwa. Na msiniambie chatu mzazi ametulia, kwa sababu mzazi aliyetulia huweza kuzaa mtoto anayejizungusha kama pia.

Madume ya kuazima nayo yametuletea utitiri. Dume anayezungushwa kwa majike wanne ndani ya msimu mmoja hubeba kila alichokiokota njiani, yakiwemo magonjwa ya mapafu. Mgeni yeyote akae peke yake siku 90, chumba chake, maji yake, koleo lake. Mkisikia anapumua kwa kukoroma au mkiona ute mdomoni, rudisheni.

Faida ipo, sikatai, lakini haipatikani yai linapopasuka. Mtoto asiuzwe kabla hajajivua gamba la kwanza na kula walau mara tatu mfululizo bila kulazimishwa.

Kikao kijacho kila anayekusudia kupandisha alete daftari lake: uzito wa jike, tarehe aliyokula mwisho, na wazazi wa pande zote mbili. Asiye na daftari, jozi yake haitaorodheshwa. Daftari la kwanza kukaguliwa litakuwa langu.

Mwenyekiti