Tukimaliza kupakua, tuacheni tutembee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nimjibu mwenye duka mmoja wa Likoni. Jina lake silitaji, maana bado ananipa kazi. Wiki mbili zilizopita nilimpelekea kwa mkokoteni magunia 8 ya sukari kutoka soko la Marikiti, ya kilo 50 kila moja. Nilipoteremsha la mwisho nikaanza kutembea: naenda hadi kwenye nguzo ya stima, narudi, naenda tena. Akanipigia kelele mbele ya wateja: "We mzee, mbona wanizungukia dukani kama mwizi? Si ukae chini upumzike kama wenzako!"

Sikukaa. Nilimwambia, "Dakika tatu tu, tajiri," nikaendelea na nguzo yangu. Yeye aliona ni jeuri, na pale barazani, kwa ile pumzi niliyokuwa nayo, nisingeweza kumweleza. Ndiyo maana namweleza hapa.

Mimi ni mtu wa miaka 44, na huu ni mwaka wa 22 navuta mkokoteni. Wanaovuka feri ya Likoni wanatujua sisi, ndio tunaopiga kelele "Miguu! Miguu!" tukitafuta njia katikati ya watu. Feri ikitia gati, kuna ule mlima wa kutokea. Maji yakiwa yamejaa, kuupanda ni kazi ya mara moja. Yakipwa, hasa siku za bamvua, feri inatua chini kabisa na mlima unakuwa mrefu kama deni la dukani. Mtu anayepanda kwa miguu yake tu, bila mzigo, haoni tofauti. Mwenye kilo 400 mgongoni mwa mkokoteni anaiona kwenye mapaja.

Likizo iliyopita binti yangu, aliye Kidato cha Tatu, aliandamana nami siku nzima. Alikuwa na simu mkononi na sura ya kitabu cha bayolojia kichwani, akasema, "Baba, leo wewe ndiwe somo langu." Asubuhi, kabla sijamaliza hamri ya pili, akanishika kifundo cha mkono akahesabu mapigo kwa sekunde 15. Akapata 15, yaani 60 kwa dakika. Akahesabu tena tukiwa ndani ya feri, nimesimama tu, nimeshika mikono ya mkokoteni nangoja ule mlango wa chuma ushuke. Akapata 22. Zidisha kwa nne, ni 88. Akashangaa: "Lakini Baba, hata hujasukuma!"

Kwangu hilo halikuwa geni. Honi ikilia tu, mwili unajua kinachokuja. Tumbo linakaza, viganja vinapoa. Kwao darasani wanasema ni adrenalini, dawa ambayo mwili unajitengenezea wenyewe na kuimwaga kwenye damu ili moyo uanze mbio kabla ya miguu. Sisi husema "damu imeshituka". Ni kitu kimoja.

Juu kabisa ya mlima alipata 41, maana yake 164. Akaniambia kipimo cha kukadiria ukomo wa moyo ni 220 ukitoa umri wako, kwa hiyo wangu ni kama 176. Nilikuwa nimebakisha kidogo. Lakini baada ya dakika moja ya kutembea polepole nilikuwa nimeshuka hadi 120. Kijana aliyekuwa akinisaidia, wa miaka 19, mgeni wa kazi, alikuwa na 188 juu ya mlima, na dakika moja baadaye bado yuko 164. Kwa hiyo mjue, kule kupanda kwa moyo si ugonjwa. Wapo watu wa ofisini wanaoanza mazoezi pale ufukweni Mama Ngina asubuhi, wakisikia moyo unagonga wanarudi nyumbani kusema wana presha. Moyo unagonga kwa sababu umeitwa.

Na umeitwa kazi gani! Hapa ndipo binti yangu aliponiacha mdomo wazi. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Akiwa amekaa, moyo unazungusha lita 5 hizo kwa dakika moja. Akipanda mlima na mzigo zinafika lita 20, na wanariadha hupita hapo. Mimi kabla ya kuingia Marikiti niliuza maji mitaani kwa mkokoteni huu huu, najua mtungi wa lita 20 ulivyo mzito. Sasa fikiria kipande cha nyama cha ukubwa wa ngumi kinamimina mtungi mzima kila dakika, bila kuteremsha hata mmoja chini kipumzike.

Damu hiyo haigawiwi sawasawa. Ukiwa umekaa, misuli inapata kama sehemu moja ya tano. Ukisukuma kwa nguvu zote inachukua hata nne za tano, na tumbo linaambiwa lisubiri. Kwa hiyo nyinyi mnaotukaribisha sahani ya wali maharage na kusema "kula kwanza upate nguvu", ahsanteni sana, lakini wekeni hadi turudi. Nimewahi kuupanda mlima ule na pilau tumboni. Pilau ilishuka feri iliyofuata.

Jingine ambalo wageni wa kazi hawalijui ni kwamba pumzi hufika imechelewa. Zile sekunde 10 za kwanza unasukuma kwa akiba iliyomo ndani ya misuli, unajiona simba. Halafu akiba inakwisha, mapaja yanaanza kuwaka moto, kifua kinapanda na kushuka, na unahema hata baada ya kusimama, kwa sababu mwili unalipa ulichokopa. Mkongwe huanza taratibu kwa sababu hiyo, wala si uvivu.

Na joto letu hili, Mhariri. Jasho linapoza likikauka juu ya ngozi. Hewa ya Mombasa mwezi wa tatu imejaa maji tayari, jasho halina pa kwenda, linadondoka tu chini. Linalodondoka halikupozi, linakumaliza maji bure.

Mwezi huo wa tatu ndipo yule kijana msaidizi wangu alipoanguka. Alikuwa kwenye siku yake ya pili. Tulifika juu, mwenye mzigo akatuamuru tusimame pembeni tungoje, tusitembeetembee. Kijana akaegemea ukuta, miguu imenyooka. Haikupita dakika, uso ukawa kijivu. Akasema, "Mzee, naona giza," akaenda chini. Watu wakajaa. Mmoja akasema njaa, mwingine akasema jini wa baharini, mama mmoja akamwagia maji. Wanaume wawili wenye nguvu wakamwinua wamsimamishe, akazima tena mikononi mwao. Nilimlaza chali, nikampandishia miguu juu ya gunia la vitunguu. Muda kidogo akafumbua macho, akauliza ndara zake ziko wapi.

Hapakuwa na jini. Kila ukipiga hatua, shavu la mguu linabana mishipa ya damu kama mtu anayekamua kitambaa, na damu inapanda kurudi moyoni. Ndani ya mishipa kuna vilango vya kuizuia isishuke tena. Ukiwa kwenye kazi, mishipa ya miguuni imetanuka kwelikweli. Ukisimama ghafla, anayekamua ameacha kazi na mishipa bado iko wazi. Damu inatuama miguuni, presha inashuka, kichwa kinakosa. Ukitembea polepole dakika mbili tatu, unaipa mishipa muda wa kujibana. Ndiyo ile safari yangu ya nguzo ya stima, tajiri.

Anayeanguka katikati ya kusukuma, au anayebanwa na kifua mpaka maumivu yanaingia mkononi au kwenye taya, huyo si wa gunia la vitunguu. Huyo apelekwe hospitali pale pale.

Kijana alirudi kazini, ila siku mbili baadaye alikuwa akishuka ngazi kinyumenyume, anasema mapaja yamerogwa. Nilimuuliza ni mlima upi uliomuumiza, wa kupanda au wa kuteremka? Akasema kupanda. Si kweli. Ni ule wa kuteremka kuingia ferini, unapouzuia mkokoteni usikukimbie, msuli unakaza huku unavutwa urefuke. Nyuzi zake zinachanika vidogovidogo, na maumivu huja kesho na keshokutwa. Ile asidi inayotokea ndani ya misuli ukisukuma kwa nguvu, ambayo kila mtu anaisingizia maumivu hayo, huwa imeondoka ndani ya saa moja hivi, kabla hata hujafika nyumbani kuoga.

Jumamosi nilipeleka tena sukari kwenye duka lile. Nilipomaliza nikaenda zangu nguzoni. Mwenye duka akatoka mlangoni, akaniangalia nikienda na kurudi mara tatu, mikono kiunoni. Hakusema neno. Alipoingia ndani alimtuma mtoto wake aniletee maji, pamoja na kiti. Maji nilikunywa nikitembea.

Hamali wa Marikiti,
Mombasa