Maonyesho ya maktaba: si kila mgeni aliyepigana alikuwa mshirika

Ndugu Mhariri,

Maonyesho ya maktaba ya mtaa wetu kuhusu wageni waliosaidia makoloni 13 ya Amerika kujitoa mikononi mwa Uingereza, 1775 hadi 1783, yanastahili kutembelewa. Kijikaratasi cha Kiswahili kilichowekwa mlangoni nacho ni jambo la kushukuriwa. Tunaandika kwa sababu makosa yaliyomo yanarekebishika kwa karatasi na mkasi, na kwa sababu watoto wanayanakili kwenye madaftari kama yalivyo.

Tuanze na lililo jepesi. Bendera iliyotundikwa juu ya picha ya Yorktown, mji wa Virginia ambako jeshi la Uingereza lilisalimu amri, ni ile ya Ufaransa ya bluu, nyeupe na nyekundu. Hiyo ni zao la mapinduzi ya Wafaransa wenyewe yaliyoanza 1789, na Yorktown ni 1781. Manowari za mfalme Louis XVI zilipeperusha bendera nyeupe, na rejimenti za nchi kavu zilibeba bendera zenye msalaba mweupe katikati. Hispania nayo vivyo hivyo: nyekundu na njano ilichaguliwa kwa manowari zake mwaka 1785, vita vimekwisha. Juu ya picha ya Gálvez, kamanda wa Kihispania, wekeni msalaba wa Burgundy, mwekundu juu ya kitambaa cheupe, wenye kingo za kuparuza kama matawi mawili yaliyokatwa majani. Tena kuna kitu kidogo mno ambacho kingefaa kabati la kioo kuliko bendera yoyote, nacho ni utepe wa kofia. Wamarekani walivaa mweusi, Wafaransa mweupe. Mwaka 1780 Washington, kamanda mkuu wa Wamarekani, aliwashauri maofisa wake wavae mweusi uliochanganywa na mweupe, kuonyesha kwamba majeshi mawili yamekuwa kitu kimoja.

Kosa kubwa liko kwenye neno. Kijikaratasi kinawaita Lafayette, Steuben, Kościuszko, Rochambeau na Gálvez wote “washirika”. Lafayette, Mfaransa, alifika 1777, kijana wa miaka 19, kwa meli aliyoinunua mwenyewe, kinyume na amri ya mfalme wake. Steuben, Mjerumani, alifika kambi ya Wamarekani ya Valley Forge Februari 1778 bila Kiingereza. Alikuwa akitoa amri kwa Kifaransa na wasaidizi wanatafsiri. Hao pamoja na Kościuszko wa Poland ni watu waliojitolea, wakapewa vyeo na Kongresi ya makoloni. Rochambeau ni habari nyingine. Yeye alitua Newport, Rhode Island, Julai 1780 na askari wapatao 5,500 wa mfalme wa Ufaransa, kwa nguvu ya mkataba wa muungano kati ya Ufaransa na Wamarekani uliotiwa saini Paris tarehe 6 Februari 1778. Huyo ndiye mshirika kwa maana kamili. Gálvez alikuwa gavana wa Louisiana, na alipigana kwa ajili ya Hispania. Aliwang'oa Waingereza Baton Rouge 1779, Mobile 1780 na Pensacola Mei 1781, lakini nchi yake ilikuwa imefunga mkataba na Ufaransa, Aranjuez, Aprili 1779, na haikufunga wa muungano na Wamarekani. Alikuwa adui wa adui. Tofauti hii si ya kubishania maneno. Ndiyo inayoeleza kwa nini Hispania ilisita kuutambua uhuru wa makoloni huku ikiwapa fedha na baruti.

Hiyo baruti haionekani popote katika maonyesho, wakati upanga mmoja umepewa kabati zima. Baruti ni sehemu 75 za shura, 15 za mkaa na 10 za salfa. Mkaa ulikuwepo tele. Shura ndiyo iliyokosekana, maana kuikamua kutoka kwenye udongo wa mazizi huchukua muda mrefu na mavuno yake ni haba. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba takriban tisa ya kumi ya baruti ya miaka miwili na nusu ya mwanzo ilitoka ng'ambo, ikiwa tayari au ikiwa bado shura. Nyingi ilipitia visiwa vya Karibi, kikiwemo Sint Eustatius cha Waholanzi. Mapema kabla ya mkataba wowote, mwaka 1776, Ufaransa ilitoa livre (fedha ya Kifaransa) milioni moja na Hispania milioni nyingine kwa kampuni ya kuzuga iliyoitwa Roderigue Hortalez, iliyoendeshwa na Beaumarchais, mwandishi wa tamthilia wa Kifaransa, ili silaha zipite kama bidhaa za mfanyabiashara.

Pamoja na baruti zilikuja gobori, na hapa panahitajika kitu cha kushikwa mkononi. Gobori ya Kifaransa, Charleville, ina kasiba ya milimita 17.5, ya Kiingereza, Brown Bess, milimita 19. Risasi ya Kiingereza ilikuwa na kipenyo cha karibu 17.5, hivyo ikitiwa kwenye Charleville inakwama, hasa kasiba ikishashika masizi. Ya Kifaransa, ya karibu 16.5, ikitiwa kwenye Brown Bess inachezacheza, moshi unapenya pembeni, na shabaha inapotea. Kikosi chenye gobori za aina mbili hakiwezi kuazimana risasi katikati ya mapigano. Vipande viwili vya bomba vya vipenyo hivyo na gololi mbili za udongo vinatosha kumwonyesha mtoto jambo hilo. Vifungwe kwa uzi, la sivyo gololi hazitamaliza wiki.

Ramani ya Yorktown ina mishale ya nchi kavu peke yake. Inaonekana kana kwamba Washington na Rochambeau walishuka kutoka kaskazini wakamkuta Cornwallis, jenerali wa Kiingereza, amekaa anawasubiri. Kilichomfungia ni bahari. De Grasse, amiri wa Kifaransa, alitoka Karibi na manowari kubwa 28, askari zaidi ya 3,000 kutoka Saint-Domingue, Haiti ya leo, na peso 500,000 zilizokusanywa Havana. Tarehe 5 Septemba 1781 alipambana na Waingereza kwenye mlango wa ghuba ya Chesapeake, manowari zake 24 kwa 19 zao. Haikuzama manowari hata moja siku ile, ndiyo maana wachoraji wengi hulipita pambano hilo. Lakini wakati pande mbili zikivutana baharini, Barras, amiri mwingine wa Kifaransa, aliingia ghubani kutoka Newport akiwa amepakia mizinga mizito ya kubomolea ngome. Bila mizinga hiyo, handaki lililochimbwa usiku wa 6 Oktoba na watu 1,500, wakilindwa na 2,800, lingekuwa mtaro tu. Mizinga ilianza kulia tarehe 9, ngome ndogo mbili zikatwaliwa usiku wa tarehe 14, moja na Wafaransa na moja na Wamarekani, na Cornwallis akasalimu amri tarehe 19. Ongezeni mishale miwili ya baharini, mmoja kutoka Karibi na mwingine kutoka Newport.

Kutoka Saint-Domingue hiyo hiyo walikuwa wamekuja Savannah, Georgia, mwaka 1779 wanaume huru weusi na machotara zaidi ya 500, Chasseurs-Volontaires, chini ya amiri wa Kifaransa d'Estaing. Shambulio la Oktoba lilishindwa. Savannah wana sanamu yao; maonyesho yetu hayana hata mstari.

Jambo moja la kiufundi: ile ramani kongwe iliyowekwa mkabala na dirisha iondolewe leo. Karatasi na wino wa rangi havistahimili mwanga wa zaidi ya luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na jua la dirishani linapita kiwango hicho mara nyingi. Wekeni nakala, ya asili irudi kwenye boksi.

Tumeliacha mwisho linalotuuma zaidi. Baada ya mkataba wa Ufaransa, Wamarekani walitia saini mkataba mwingine wa muungano na taifa la wenyeji la Lenape, ambalo Waingereza waliliita Delaware. Ulifungwa Fort Pitt, Pittsburgh ya leo, tarehe 17 Septemba 1778. Lenape waliruhusu jeshi kupita katika ardhi yao kuelekea Detroit, na kipengele cha sita kiliwawekea uwezekano wa kuunda jimbo lenye mwakilishi katika Kongresi. Kiongozi wao White Eyes alifariki Novemba ya mwaka huo huo. Maofisa walisema ni ndui. George Morgan, aliyekuwa wakala wa Kongresi kwa mataifa hayo, aliandika baadaye kwamba aliuawa. Tarehe 8 Machi 1782 wanamgambo wa Pennsylvania waliwaua Lenape Wakristo 96 huko Gnadenhutten, wengi wao wanawake na watoto, watu ambao hawakuwa wameshika silaha.

Mkataba huo una vipengele sita tu, na maandishi yake yanapatikana bure. Tunaomba yachapwe na kuwekwa kwenye ukuta ule ule wa mkataba wa Ufaransa, kwa kimo kile kile, na karatasi inayoeleza mauaji ya Gnadenhutten ikae chini yake.

Wasomaji wa Kiswahili wa maktaba hiyo
Marekani